Kijiko cha Jina

Sesilia anaitwa Mama Alain, na jina hilo ndilo lililomwachanisha na mume wake. Naanzia hapo kwa sababu watu wa kanisani kwetu hapa Durban wanapenda kuanzia pengine. Wanasema, "Ah, Mama Alain, yule anayemtunza muzungu mzee kule Queensburgh," kana kwamba mama wa watu alizaliwa ameshika beseni la muzungu. Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Uvira, akasoma mpaka darasa la sita kama mimi, na tulikaa uani pamoja miaka mingi. Ninayosema ya Uvira niliyaona. Ya Queensburgh pia, siku kubwa yenyewe nilikuwemo jikoni nakaanga sambusa.

Mwaka 1990 Sesilia alikuwa mpishi kwa mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Alain, mtu mnene mwenye pumu, aliyemwogopa mkewe kuliko alivyowaogopa askari. Mume wa Sesilia, Térence, alikuwa fundi wa baiskeli. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwezi wa pili, wa kiume. Siku ya tatu Térence akaingia uani. Mimi ndiye niliyekuwa nimembeba mtoto, mama yake anakunywa uji.

Térence akasema, "Tumwite Alain."

"Alain?" Sesilia akaweka kikombe chini. "Kwenu nani anaitwa Alain?"

"Hakuna. Ni bosi wako. Mtu ukimpa mtoto mwenye jina lake, atamwacha alale njaa? Na mimi labda atanitia kwenye camion yake, niwe msaidizi wa dereva."

Ndivyo tulivyofanya kwetu, na sioni aibu. Mtoto anapewa jina la bosi, la padri, la daktari aliyemzalisha mama, na mwenye jina akisikia analeta zawadi ya jina. Bosi Alain alileta kitenge, beseni la bluu na mfuko wa unga. Térence alikula ule unga. Naomba hilo likumbukwe. Aliula mpaka akapangusa sahani kwa kidole.

Kazi ya camion haikutoka. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, ndipo dada zake Térence wakaanza. Kwa nini mtoto aitwe Alain? Kwa nini bosi alete kitenge? Mbona mtoto ana mashavu ya bosi? Mtoto wa miaka miwili asiye na mashavu si mgonjwa huyo? Lakini mdomo wa wifi ukishapata njia haurudi. Na Térence, aliyelileta jina kwa kinywa chake mwenyewe, akainamisha kichwa kama mtu aliyedhulumiwa, akapanda baiskeli, akaenda Bujumbura. Hakurudi. Sesilia akabaki na mtoto, na kila asubuhi mtaa mzima unamwamkia kwa jina la bosi: "Habari, Mama Alain."

Na mimi niliyesikia kila neno siku ile? Nilinyamaza. Mume wangu alikuwa binamu wa Térence na dada zake. Nitarudi hapo, usiniharakishe.

Vita vikaja, kila mtu akashika njia yake. Sesilia alifika Durban mwaka 2003 na mtoto wake na mfuko mmoja wa nguo. Akauza mahindi ya kuchemsha soko la Warwick, akasuka nywele, akafua mashati ya watu. Mwaka 2009 dada mmoja Mzulu akampeleka Queensburgh, kwa bibi mmoja muzungu aliyevunjika nyonga.

Bibi huyo ni Enid Tuck. Sesilia anamwita Gogo, kama Wazulu wanavyoita bibi, na Gogo alilipenda jina hilo kuliko "madam". Hakuolewa. Alipiga taipu miaka thelathini na nane kwenye ofisi moja ya meli karibu na bandari, na mpaka uzee huo vidole vyake vilikuwa vinagonga meza akifikiri. Baba yake, Joseph, aliletwa Durban na meli akiwa kijana, akaendesha winchi bandarini mpaka alipostaafu. Gogo alimpenda baba yake huyo kama watu wanavyopenda dini. Picha yake iko juu ya friji, na kila asubuhi Gogo anaiambia, "Morning, Dad."

Kama Gogo angekuwa peke yake duniani, pasingekuwa na hadithi. Lakini alikuwa na Rodney, mtoto wa kaka yake marehemu. Rodney alikuwa anauza pampu za mabwawa ya kuogelea. Biashara ilipolala akakaa kwenye kompyuta kutafuta ukoo. Wazungu wa Kiingereza wana ugonjwa huo: akishakuwa na nyumba, gari na mbwa, anatafuta mababu. Si vibaya. Vibaya ni kwamba hawatafuti mababu, wanatafuta mabwana.

Mwaka 2012 Gogo alikuwa anatimiza miaka themanini. Rodney akasema atamtengenezea zawadi: kitabu cha ukoo wa Tuck, kichapishwe, kila ndugu apewe chake siku ya sherehe. Jumapili moja, wiki sita kabla, akaja na karatasi zake ndani ya faili, akazitandaza juu ya meza ya chai.

"Auntie, kaa vizuri," akasema. "Nimempata baba yake babu Joseph. Siyo Amos Tuck."

Gogo akamtazama. "Babu yangu ni Amos Tuck. Alikuwa anaendesha mkokoteni wa farasi."

"Ndivyo walivyoambiwa watu. Angalia. Bibi Hannah alikuwa mtumishi kwenye nyumba ya Sir Godfrey Ormsley. Ameandikwa pale kwenye sensa ya 1891. Mtoto anazaliwa 1894, anaitwa Joseph Ormsley Tuck. Ormsley! Na hiki," akatoa kijiko cha fedha ambacho Gogo alimwazima kukipiga picha, chenye herufi G na O zimechongwa kwenye mpini, "nani anampa mtoto wa mtumishi kijiko cha fedha? Auntie, wewe ni mjukuu wa Sir."

"Unasema bibi yangu alilala na bosi wake."

"Yalitokea kwenye nyumba zote kubwa. Ni jambo la kimapenzi tu, la zamani."

Sesilia alikuwa anamimina chai. Aliniambia aliliweka buli chini ili asimwagie mtu, na mtu huyo alikuwa na jina.

"Ni zawadi ya jina," akasema.

Rodney akageuka kama vile friji imeongea. "Umesemaje?"

"Kijiko. Wamempa mtoto jina la bosi, bosi ameleta zawadi. Mimi mwanangu anaitwa jina la bosi wangu. Nilipewa kitenge na beseni."

Rodney akacheka. Si kicheko kibaya, na hiyo ndiyo inaudhi zaidi, kile kicheko cha mtu anayemcheka mtoto mdogo. "Sesilia, hizo ni mila za kwenu. Uingereza mambo yalikuwa tofauti."

Tofauti! Mtumishi wa Uingereza hakuwa na njaa? Hakuhitaji bosi amkumbuke mtoto wake wakati wa baridi? Rodney hajawahi kutumikia mtu hata siku moja. Angejuaje maskini anampa mtoto jina kwa hesabu gani?

Gogo alingoja mpaka gari la Rodney likatoka getini. Ndipo akagonga meza kwa vidole, tap tap tap, akasema, "Sesilia, huyu bosi wako. Ulilala naye?"

Watu wengine wangetupa aproni na kuondoka. Sesilia akamjibu, "Hapana, Gogo. Alikuwa na pumu, na nilikuwa na mume. Lakini mume wangu alikubali kuambiwa hivyo, akaenda."

"Kwa sababu ya jina?"

"Kwa sababu ya jina alilolitoa yeye mwenyewe."

Gogo akagonga meza tena. Kisha akasema, "Niletee lile kopo la biskuti. Juu ya kabati, nyuma ya kofia."

Ndani ya kopo kulikuwa na karatasi za Joseph, alizokuja nazo kwenye meli. Gogo macho hayakuwa mazuri, kwa hiyo Sesilia akasoma herufi moja moja, na Gogo akaziunga. Kwanza, barua ya nyumba ya Ormsley: Hannah ni mwaminifu, anajua kufua na kupiga pasi, ameacha kazi mwezi wa tatu 1892 kwenda kuolewa. Pili, cheti cha ndoa, mwezi wa nne mwaka ule ule. Tatu, cheti cha kuzaliwa Joseph: Januari 1894. Sesilia akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Karibu miaka miwili Hannah alikuwa kwa mumewe, kijiji kingine, mbali na nyumba ya bosi.

"Iko kitu kingine huku chini," Sesilia akasema. "Iko msalaba."

"Msalaba?"

"Mtu ameweka msalaba badala ya jina. Pembeni wameandika: alama ya Amos Tuck, baba."

Gogo akashika meza. Unaona, kwenye cheti cha Kiingereza iko nafasi ya mtu aliyekwenda kumwandikisha mtoto. Amos hakujua kuandika. Joseph alikuwa akimsimulia Gogo utotoni jinsi baba yake alivyotembea maili sita kwenye theluji kwenda kumwandikisha, akarudi viatu vimelowa, na siku hiyo hakulipwa. Gogo alidhani ni hadithi tu ya watoto. Kumbe alama iko pale. Na jina la Ormsley lilitoka wapi? Lilitoka mdomoni mwa huyo huyo aliyeweka msalaba. Amos ndiye aliyelibeba maili sita.

"Yeye ndiye aliyelitaka," Sesilia akasema. "Kama Térence. Ila huyu hakukimbia."

Ndugu msomaji, ungedhani mambo yaliishia hapo. Gogo akampigia Rodney simu, akamsomea cheti kwa sauti ya ofisini, mstari kwa mstari, Sesilia akimtajia herufi. Rodney akajibu kwamba tarehe za zamani haziaminiki. Gogo akamtajia ndoa. Rodney akasema labda Hannah alikuwa anarudi kusaidia kazi kwenye sikukuu. Gogo akamtajia alama ya Amos. Rodney akasema, "Bila shaka Sir Godfrey alimlipa aseme mtoto ni wake."

Hebu ona. Hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Maskini akisema mtoto ni wangu, amelipwa. Tajiri asiposema lolote, ndiye baba. Mtu mwenye jibu la kila karatasi hatafuti ukweli, na Rodney karatasi zile za kopo alishaziona mwaka uliotangulia. Gogo mwenyewe alimfungulia kopo, akazipiga picha zote. Kwenye kitabu chake akatia kijiko, barua na cheti akaviacha.

"Usichapishe," Gogo akamwambia. "Huyo unayemuuza ni baba yangu. Unamnyang'anya baba yake."

"Auntie, kimeshakwenda kiwandani. Ni mchezo wa kifamilia tu. Watu watafurahi."

Siku ya sherehe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi. Mama Alain aliniita nimsaidie jikoni. Ndugu walikuja na magari kama kumi na mbili, wakakaa kwenye majani, watoto wanarushiana maji. Rodney akafungua boksi la vitabu. Thelathini, jalada la kijani, na mbele picha ya nyumba kubwa ya mawe ambayo hakuna Tuck aliyewahi kulala ndani yake isipokuwa Hannah, tena chumba cha juu karibu na paa, na saa kumi na moja asubuhi alikuwa chini anawasha moto.

Watu wakaanza kufurahi. Kweli walifurahi, Rodney hakusema uongo hapo. Mama mmoja akajigusa pua na kusema, "Nilijua tu, hii pua!" Bwana mmoja akamwinamia mkewe, "Lady Ormsley, nikuongezee bia?" Wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na trei ya sambusa, nikamtazama Sesilia. Uso wake ulikuwa umefunga kama duka siku ya fujo.

Kicheko hicho niliwahi kukisikia. Uvira, uani, wifi zake wanapepeta mchele: "Habari ya Bwana Alain mdogo?" Ha ha ha. Kule hakuna aliyeleta bia. Kule kicheko kilimfukuza mwanaume.

Rodney akapiga kijiko kwenye glasi. Kijiko kile kile cha fedha! "Sasa Auntie Enid atatia saini kila kitabu. Kumbukumbu kwa watoto wetu."

Gogo akakaa kwenye meza yake ndogo chini ya kivuli cha ukuta. Sesilia akasimama pembeni kumfungulia vitabu, maana vidole vya Gogo vilikuwa vimekakamaa. Kitabu cha kwanza, Sesilia hakufungua ukurasa wa mbele. Akafungua ukurasa wa kumi na moja, penye mti wa ukoo, penye Sir Godfrey ndani ya kiboksi cha dhahabu. Gogo akapiga mstari juu ya Sir Godfrey. Chini yake akaandika taratibu, herufi za mpiga taipu: *Baba yake ni Amos Tuck, mwendesha mkokoteni. Aliweka alama hii.* Akachora msalaba. Kisha akatia saini yake.

"Kinachofuata," akasema.

Alifika kitabu cha nne kabla mtu hajasoma. Yule mama wa pua ndiye aliyefungua. "Rodney? Hii nini?"

Rodney akaja mbio, ametabasamu kwa ajili ya wageni. "Auntie, unaviharibu!"

"Natia saini, kama ulivyosema. Sesilia, kinachofuata."

"Sesilia, acha!" Rodney sauti ikapanda. "Wewe ndiye unayemjaza maneno haya. Neno moja zaidi nitatafuta mtu mwingine wa kumtunza."

"Utamtafuta wa nyumbani kwako," Gogo akasema bila kuinua kichwa. "Humu ndani nachagua mimi."

"Lakini ni mchezo tu, jamani! Nani ameumia? Wamekufa miaka mia iliyopita!"

Hapo Sesilia akaweka kitabu mezani. Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Mimi sijakufa," akasema. "Mimi ni mtumishi wa nyumba ya watu. Nilimpa mwanangu jina la bosi, watu wakacheza mchezo huu huu, mume wangu akaondoka, na mtoto wangu hana baba mpaka leo. Ana miaka ishirini na mbili. Wewe umefurahi kwa sababu bosi ni Sir. Angekuwa mfanyabiashara wa Uvira mwenye pumu, ungesema Hannah ni malaya."

Hata watoto waliacha maji. Gogo akagonga meza, tap tap. "Kinachofuata, my dear."

Alitia saini vitabu ishirini na tisa. Ilichukua zaidi ya saa moja, chai ikapoa, wengine wakaaga mapema na vitabu vyao kwapani kama watu waliobeba samaki anayenuka. Cha thelathini kilikuwa cha Rodney. Alikikumbatia, akakataa kukitoa, akaenda nacho kwenye gari. Eish, basi. Kimoja kimebaki na Sir wake ndani. Akalale nacho.

Niliingia jikoni nikidhani nitamkuta Mama Alain anacheka. Nilimkuta anasugua sufuria iliyokwishatakata.

"Umewaweza," nikamwambia. "Lo, umewaweza!"

"Gogo amewaweza. Gogo iko na kopo." Aliendelea kusugua. "Mimi kopo langu iko wapi? Karatasi ya Alain iliungua na nyumba, mwaka 1996. Nani atanisomea alama ya Térence?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta sahani.

"Wewe ulikuwepo," akasema.

Miaka ishirini na mbili. Tumekula pamoja, tumekimbia bunduki moja, tumeimba kwaya moja, na neno hilo hakuwahi kunitamkia.

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umembeba mtoto. Ulisikia nani alilileta jina."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Niliogopa nyumba ya mume wangu."

"Mume wako amekufa," Mama Alain akasema. "Sasa unaogopa nani?"

Akanipa sufuria niikaushe. Tukamaliza vyombo, na kwa mlango nikamwona Gogo amelala kitini, vidole vina wino.

Sikulala na hasira kwa Rodney peke yake. Rodney alificha cheti ndani ya faili, mimi nilikificha kinywani. Kwa hiyo naandika, na nakala moja inakwenda kwa Alain, mwanawe Sesilia, kwenye duka lake la simu, ya pili kwa dada mkubwa wa Térence, ambaye yuko Johannesburg, ana miwani na anajua kusoma vizuri sana. Asome basi. Uvira, mwezi wa pili mwaka 1990, siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, asubuhi, uani kwetu. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemlipa. Térence alisema, "Tumwite Alain." Mtoto alikuwa mikononi mwangu, na unga aliula yeye.